Kitenzi cha Kiitaliano kwa Mtu Aliyekuzwa na Kiswahili

Kila anayefungua kitabu cha sarufi ya Kiitaliano kwa mara ya kwanza hukutana na majedwali. Kitenzi kina dhamira saba, yaani namna saba za kulieleza tendo, nazo ni indicativo (ya kutoa habari), congiuntivo (tegemezi), condizionale (ya tendo linalotegemea sharti), imperativo (ya amri), infinito (umbo kama letu la "kusema"), participio (umbo linalofuata kitenzi kisaidizi) na gerundio (inayokaribia -ki- yetu). Ndani ya dhamira hizo zimepangwa njeo 21, yaani nyakati za kitenzi, nane kati yake zikiwa za indicativo peke yake, na karibu kila njeo ya dhamira nne za kwanza ina maumbo sita kwa ajili ya nafsi sita. Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki kuna ugumu mwingine, kwa sababu vitabu vingi vya Kiitaliano vinavyopatikana vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi hulazimika kwanza kuvifikiria vitenzi vya Kiitaliano kwa Kiingereza, lugha ambayo imekwisha kupoteza karibu maumbo yote ya dhamira tegemezi na ambayo haimsaidii kuona kwamba lugha yake mwenyewe inayo tayari sehemu kubwa ya anachokitafuta.

Ninafundisha Kiitaliano kwa vijana wa pwani ya Kenya, ambako lugha hiyo si ngeni. Waitaliano wamekuwa wakiishi Malindi na Watamu kwa miongo mingi, na kituo chao cha anga kilichopo Ngomeni kilirusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa lake la baharini mwaka 1967. Kijana anayejifunzia ufukweni kwa kusikiliza hupata msamiati mzuri na matamshi yanayoeleweka, lakini vitenzi vyake hubaki katika wakati uliopo au katika umbo la infinito, kwa kuwa hayo ndiyo maumbo ambayo sikio hukamata upesi. Ninaamini kwa dhati kwamba njia fupi ya kumtoa hapo ni kuanza na kitenzi cha Kiswahili, kukitazama vizuri, kisha kumwonyesha ni wapi Kiitaliano kinakubaliana nacho na ni wapi kinaachana nacho.

Tofauti ya kwanza ni ya mahali. Kiswahili huweka nafsi na njeo mwanzoni mwa kitenzi, kama katika "nitasema", ambapo "ni" ni mimi na "ta" ni wakati ujao. Kiitaliano huviweka vyote viwili mwishoni, kama katika "parlerò", tena huvichanganya kiasi kwamba huwezi kukata herufi moja ukasema hii ni nafsi na hii ni njeo. Hata hivyo matokeo ni yale yale: kitenzi hubeba nafsi yake chenyewe, na kwa hiyo Mwitaliano hasemi "io parlo" isipokuwa anataka kusisitiza, kama sisi tusivyosema "mimi nasema" ila kwa sababu. Mswahili hupata jambo hili bila kufundishwa.

Makundi matatu ya vitenzi, yaani vile vinavyoishia kwa -are, -ere na -ire, yanajifunzika katika siku chache na sitayarefusha hapa. Ninachosisitiza zaidi darasani ni mkazo, kwa sababu Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho karibu wakati wote na masikio yetu yamezoea hivyo. "Pàrlano", yaani wanasema, hukaziwa silabi ya kwanza. "Parlo" yenye mkazo mwanzoni ni "ninasema", ilhali "parlò" yenye mkazo mwishoni ni "alisema", na hapo mkazo peke yake umebadilisha nafsi na wakati kwa pamoja. Sisi tunaujua mchezo huu katika maneno machache, kama "barabara" ya kupita magari na "barabara" ya kumaanisha sawasawa, lakini hatujazoea kuukuta katika kila kitenzi. Vivyo hivyo kwa konsonanti maradufu: "parleremo" ni "tutazungumza", na "parleremmo" ni "tungezungumza". Anayeweza kutofautisha "mea" na "mmea" ana uwezo wa kusikia tofauti hiyo, mradi aambiwe kwamba ipo na kwamba maana nzima ya sentensi inaitegemea.

Katika wakati uliopita ndipo Kiswahili kinapotusaidia sana, na ndipo pia kinapotutegea mitego. Njeo inayoitwa passato prossimo, kwa mfano "ho mangiato", huchukua kazi ya "nimekula" na ya "nilikula" kwa pamoja, hasa katika mazungumzo ya kaskazini mwa Italia. Njeo inayoitwa imperfetto, kwa mfano "mangiavo", hufanya kazi ya "nilikuwa nikila", yaani tendo lililopita likitazamwa kutoka ndani, lilipokuwa bado linaendelea au lilipokuwa likirudiwa kwa mazoea. Sentensi kama "nilikuwa nikisoma aliponipigia simu" inageuka bila taabu kuwa "leggevo quando mi ha telefonato", na mwanafunzi anayejiuliza kama angetumia "nilikuwa niki-" katika Kiswahili hupata jibu sahihi mara nyingi kuliko yule anayekariri orodha ya kanuni.

Hata adabu zinafanana hapa. Mtanzania anayetaka msaada ofisini husema "nilikuwa naomba unisaidie" ingawa anaomba sasa hivi, na Mwitaliano akiwa dukani husema "volevo", yaani "nilikuwa nataka", ingawa anataka sasa hivi. Lugha zote mbili zimerudisha ombi nyuma katika wakati ili lisimkabe anayeombwa.

Vipo vitenzi ambavyo imperfetto na passato prossimo huvipa maana mbili ambazo Kiswahili huzieleza kwa maneno tofauti. "Sapevo" ni "nilikuwa najua", lakini "ho saputo" ni "nilipata habari". "Conoscevo Anna" ni "nilikuwa nikimfahamu Anna", na "ho conosciuto Anna" ni kwamba nilikutana naye na kumjua kwa mara ya kwanza. Umbo la kwanza ni hali iliyokuwapo, na la pili ni tukio lililoianzisha hali hiyo.

Mtego mkubwa ni kiambishi chetu cha -me-. Kwa Kiswahili tunasema "mtoto amelala" tukiwa na maana kwamba usingizi unaendelea hivi sasa, "amesimama" kwa maana ya kwamba yuko wima, "amevaa kanzu" kwa maana ya kwamba kanzu iko mwilini mwake. Anayegeuza moja kwa moja atasema "il bambino ha dormito", na Mwitaliano ataelewa kwamba mtoto alilala na sasa ameamka. Inatakiwa wakati uliopo: "il bambino dorme", "è in piedi", "porta una kanzu". Vivyo hivyo "nimechoka" ni "sono stanco". Kanuni ninayowapa wanafunzi ni kwamba, kama -me- inaeleza hali iliyopo baada ya tendo, Kiitaliano hutaka wakati uliopo, na kama inaeleza tendo lililokamilika, kama katika "nimeelewa", Kiitaliano hutaka passato prossimo: "ho capito".

Umbo la imperfetto lenyewe ni la kupendeza kwa utaratibu wake. "Parlavo, leggevo, dormivo" hufuata njia moja, na kitenzi kinachoonekana kuasi kabisa ni "essere" chenye "ero, eri, era". Vitenzi "fare", "dire" na "bere", vinavyotoa "facevo", "dicevo" na "bevevo", haviasi kwa kweli, kwani vinafuata mizizi yao mirefu ya zamani iliyofupishwa katika infinito tu. Anayesoma maandishi ya zamani atakutana pia na "io aveva" badala ya "io avevo", kwa kuwa waandishi kwa karne nyingi walimalizia nafsi ya kwanza kwa -a. Mwandishi Alessandro Manzoni, alipoisahihisha riwaya yake "I promessi sposi" kwa toleo lililotoka kati ya 1840 na 1842, alichagua umbo la -o lililokuwa likisemwa mjini Firenze, na uamuzi huo ulisaidia sana kuliimarisha katika maandishi. Ninafurahi alifanya hivyo, kwa sababu umbo la zamani lilifanya "mimi" na "yeye" vifanane.

Njeo changamano hutumia kitenzi kisaidizi, ama "avere" ama "essere", na hapa ndipo wanafunzi wengi hulalamika. Vitenzi vya kwenda, kufika, kuzaliwa, kufa na kuwa, pamoja na vyote vyenye kijineno "si" kinachorudisha tendo kwa mtenda mwenyewe, huchukua "essere", na participio yake hupatana na mtenda: "Maria è arrivata" (Maria amefika), "i ragazzi sono arrivati" (wavulana wamefika). Watu waliozoea ngeli hawapaswi kuliogopa jambo hili. Sisi hupatanisha kitenzi na nomino tangu tunapojifunza kusema, na hata yambwa, yaani kinachotendwa, tunaiingiza ndani ya kitenzi. Tukiulizwa kuhusu barua tunajibu "nimeziandika", ambapo "zi" inazirejelea barua. Mwitaliano akiulizwa kuhusu "le lettere" hujibu "le ho scritte", ambapo "le" mwanzoni na "-e" mwishoni vinazirejelea barua zile zile.

Kuna ulinganifu mmoja ambao kila ninapoufundisha naona nyuso zinachangamka. Tunasema "nimevunja kikombe", kisha tunasema "kikombe kimevunjika", na mnyambuliko wa "-ika" umemwondoa mtenda. Kiitaliano husema "ho rotto la tazza", kisha "la tazza si è rotta". Kwa mlango ni hivyo hivyo: "nimefungua mlango" ni "ho aperto la porta", "mlango umefunguka" ni "la porta si è aperta", na "mlango umefunguliwa" ni "la porta è stata aperta". Ngazi tatu kwa ngazi tatu. Kubadilika kwa kitenzi kisaidizi kutoka "avere" kwenda "essere", ambako vitabu hukueleza kana kwamba ni tabia tu ya vitenzi fulani, kunaanza kuwa na maana.

Sasa congiuntivo, dhamira ambayo Waitaliano wenyewe hubishana juu yake na ambayo maswali yake huulizwa mara kwa mara kwa Accademia della Crusca, taasisi ya lugha iliyoanzishwa Firenze mwaka 1583 na kutoa kamusi yake ya kwanza mwaka 1612. Mswahili anayo dhamira hii. Anapogeuza "anaenda" kuwa "aende", "anasema" kuwa "aseme", amebadilisha irabu ya mwisho ili kuonyesha kwamba tendo si habari tena, ni jambo linalotakiwa. Kiitaliano hufanya vivyo hivyo na kwa njia ile ile ya irabu ya mwisho: "parla" huwa "parli", "prende" huwa "prenda", "dorme" huwa "dorma". Vitenzi vya -are huchukua i na vya makundi mengine huchukua a, kana kwamba makundi hayo yamebadilishana irabu. Nataka mwanafunzi alione hili kabla hajaona jedwali lolote, kwa sababu ni sehemu adimu ambamo kitenzi chetu na chao vinabadilika mahali pale pale.

Kwa hiyo nusu ya kwanza ya congiuntivo ni nyumbani. "Nataka uende" ni "voglio che tu vada". "Ni lazima asome" ni "bisogna che studi". "Ili ajue" ni "affinché sappia". Hata sheria ya mtenda mmoja ni ile ile: kama anayetaka ndiye atakayekwenda, Kiswahili husema "nataka kwenda" na Kiitaliano husema "voglio andare", wala hakuna lugha inayotumia tegemezi hapo. Amri ya heshima pia inakutana. Kumwambia mtu mzima "uniambie" ni adabu kuliko "niambie" ya mkato, na Kiitaliano humwambia mtu wa kuheshimiwa "mi dica" (uniambie), "scusi" (uniwie radhi), "aspetti" (usubiri), ambayo yote ni congiuntivo katika nafsi ya tatu. Kwa rafiki husemwa "dimmi", na katazo kwa rafiki huchukua infinito: "non toccare", yaani "usiguse".

Nusu ya pili ndiyo ngeni, na ni bora ielezwe waziwazi. Kiswahili hutumia -e kwa utashi, kusudi, wajibu na maombi. Kiitaliano huongeza maoni, shaka na hisia. Sisi husema "nadhani anaumwa" kwa umbo la kawaida, lakini Kiitaliano cha uangalifu husema "penso che stia male". Husemwa "so che sta male", kwa kuwa kujua ni kujua, ila anayedhani hadai kwamba jambo ni hakika, na kitenzi lazima kikiri hivyo. Hisia nazo huchukua congiuntivo hata pale ambapo jambo lenyewe ni kweli tupu: "nafurahi kwamba umekuja" ni "sono contento che tu sia venuto". Vivyo hivyo baada ya "benché", yaani "ingawa": "benché piova, esco", ilhali sisi tunasema tu "ingawa mvua inanyesha, natoka". Mtu atasikia mitaani "penso che è", na hapaswi kushangaa, lakini ninawashauri wanaotafuta kazi ya ukalimani au ya hoteli wajizoeze umbo la tegemezi tangu mwanzo, kwa sababu Waitaliano wengi hupima elimu ya msemaji kwa kipimo hicho.

Neno "kabla" linastahili kutajwa peke yake. Kiswahili husema "kabla hajafika", kwa ukanushi, ingawa huenda anakuja kweli. Kiitaliano husema "prima che arrivi", kwa congiuntivo. Njia ni mbili, lakini lugha zote mbili zimekataa kulieleza tendo lisilotokea bado kwa umbo la tendo lililotokea.

Kuyapata maumbo yenyewe si kazi kubwa kama inavyoonekana. Chukua nafsi ya kwanza ya wakati uliopo, ondoa -o, weka irabu inayostahili: "vengo" hutoa "venga", "dico" hutoa "dica", "finisco" hutoa "finisca", "esco" hutoa "esca". Yanayobaki nje na kulazimu kukaririwa ni machache, yakiwemo "sia", "abbia", "sappia", "dia" na "stia". Kwa kuwa nafsi tatu za umoja hufanana, Kiitaliano huongeza "tu", yaani wewe, au jina pale maana inapoweza kupotea. Sisi nasi tuna vitenzi vya asili ya Kiarabu kama "jibu" na "fikiri" visivyobadilika, tukisema "nataka ajibu" bila -e yoyote, na hakuna anayepotea.

Sentensi za masharti zinahitaji subira. Kiswahili huweka kiambishi kimoja pande zote mbili: "ningekuwa na fedha, ningenunua shamba". Kiitaliano huzigawa pande hizo, sharti likiwa katika congiuntivo imperfetto na matokeo yakiwa katika condizionale: "se avessi i soldi, comprerei un campo". Kwa wakati uliopita, "ningalijua, ningalikuja" huwa "se avessi saputo, sarei venuto". Mswahili anayefuata sikio lake atasema "se avrei i soldi, comprerei", akirudia condizionale pande zote kama tunavyorudia -nge-, na hilo ndilo kosa ambalo walimu wa Italia huwasahihisha watoto wao wenyewe kila mwaka. Mvuto wa ulinganifu ni wa kibinadamu. Kiitaliano cha mazungumzo kimepata ulinganifu wake kwa njia nyingine, yaani imperfetto pande zote mbili, "se lo sapevo, venivo", ambayo hukubalika sana katika usemi, lakini mtahiniwa asiiandike katika insha.

Condizionale ina kazi nyingine mbili ambazo anayesoma magazeti ya Italia lazima azijue. Ya kwanza ni ya habari zisizothibitishwa: "il ministro sarebbe partito" haimaanishi kwamba waziri angeondoka, inamaanisha "inasemekana waziri ameondoka", na mfasiri asiyejua hili anaweza kuharibu habari nzima. Ya pili ni wakati ujao ukitazamwa kutoka wakati uliopita. "Alisema atakuja" ni "ha detto che sarebbe venuto", kwa condizionale passato, hata kama baadaye alikuja kweli.

Wakati ujao wenyewe una asili inayotugusa. Kilatini cha kale kilikuwa na umbo lake, likafa, na watu wakaanza kuweka infinito mbele ya kitenzi cha kuwa na kitu. Maneno hayo mawili yalishikana hadi yakazaa "canterò", yaani "nitaimba", na kwa njia iyo hiyo infinito na wakati uliopita wa kitenzi hicho vikazaa "canterei" ya condizionale. Kiswahili kilifanya safari inayofanana kwa kitenzi "taka", kilichofupika kuwa -ta-, na umbo refu bado linaonekana katika "atakayekuja". Matumizi nayo yanafanana kwa namna inayonifurahisha. Mtu akibisha hodi usiku tunasema "atakuwa Juma", na Mwitaliano husema "sarà Juma". Tukikadiria kwamba msafiri amekwisha kufika tunasema "atakuwa amefika", na Kiitaliano husema "sarà arrivato", ambayo ndiyo futuro anteriore ambayo vitabu huieleza kwa kurasa kadhaa.

Gerundio huonekana kama -ki- yetu, na mara nyingi ndivyo ilivyo: "alikuja akiimba" ni "è venuto cantando". Ila "nilimwona akitembea" haiwezi kuwa "l'ho visto camminando", kwa sababu gerundio humfuata mtenda wa sentensi kuu, na Mwitaliano ataelewa kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikitembea. Husemwa "l'ho visto che camminava" au "l'ho visto camminare". Kiswahili kina kiambishi cha nafsi ndani ya "akitembea" kinachomlinda mtenda wake, na gerundio haina nafsi yoyote ya kujilinda.

Nimeiacha passato remoto, njeo ya masimulizi ya wakati uliopita, hadi sasa kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayowatisha wengi na ndiyo inayohitajika kidogo kwa msemaji anayeanza. Katika mkoa wa Toscana na kusini mwa Italia, hasa Sicilia, husikika watu wakizungumza, lakini kaskazini imebaki karibu yote katika maandishi. Katika hadithi hufanya kazi ambayo sisi huifanya kwa -li- na -ka-: "si alzò, prese il bastone e uscì" ni "aliinuka, akachukua fimbo, akatoka". Maumbo yake yasiyo ya kawaida yana siri moja inayopunguza kazi kwa nusu, kwamba karibu kila mara uasi huwa katika nafsi tatu tu, yaani mimi, yeye na wao, na nyingine hubaki na mzizi wake: "presi, prendesti, prese, prendemmo, prendeste, presero". Anayejua "presi" anaweza kuyajenga mengine yote, na anayeanza kusoma riwaya anatosheka kwa kuyatambua. Trapassato remoto, njeo ya tendo lililotangulia tendo jingine lililopita, kama katika "dopo che ebbe finito" (baada ya kuwa amemaliza), aisubiri mpaka akutane nayo kitabuni.